Jinsi ya Kuchagua Luau ya Kweli Hawaii: Mwongozo Kamili Kabla Hujalipa

Jina la karamu hii limetokana na jani la magimbi. Kwa Kihawaii, luau ni jani changa la mmea ambao Tanzania tunauita magimbi na Kenya nduma, na pia ni mboga inayopikwa kwa jani hilo na tui la nazi. Karamu yenyewe zamani iliitwa ahaaina au paina. Ni katika karne ya 19 ambapo jina la mboga lilikuja kuibeba karamu nzima. Liweke hilo akilini unapopekua matangazo, maana ndicho kipimo cha kwanza. Luau isiyo na jani la magimbi wala poi, uji mzito wa magimbi, mezani ni onyesho la ngoma lenye chakula cha jioni. Huenda likawa onyesho zuri, lakini usilipie jina.

Wageni wengi huchagua kwa picha ya kijana anayezungusha moto, kisha bei, kisha ukaribu na hoteli. Anza na chakula na ngoma, fuata mahali na siku, bei iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Amua unataka luau ya Kihawaii au onyesho la Polinesia

Hadi 1819, sheria ya kapu, yaani miiko ya dini, iliwakataza wanaume na wanawake wa Hawaii kula pamoja, na wanawake walinyimwa nyama ya nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi. Mwaka huo mfalme kijana Liholiho, yaani Kamehameha wa Pili, aliketi hadharani kula na wanawake, akiungwa mkono na mama yake Keopuolani na malkia Kaahumanu. Kapu ikavunjika kwa tonge. Ndiyo maana luau, hata ile ya kibiashara, inakuketisha meza moja na watu usiowajua na kukupa chakula kile kile wanachokula wao.

Onyesho utakaloliona baada ya kula ni habari nyingine. Sehemu nyingi huchanganya ngoma za Tahiti, Samoa, Tonga, Fiji na Wamaori wa New Zealand. Kisu cha moto ni cha Wasamoa. Kutikisa nyonga kwa kasi huku magoma yakipigwa ni kwa Watahiti. Haka ni ya Wamaori. Hula ndiyo ya Hawaii, na mara nyingi ni tulivu kuliko zote hizo. Hakuna ubaya katika mchanganyiko mradi mshereheshaji anataja kila ngoma na kwao. Ubaya ni pale mgeni anaporudi nyumbani akiamini kuwa moto ule ni mila ya Hawaii.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye luau mbili maarufu. Old Lahaina Luau, kisiwani Maui, imekuwepo tangu 1986. Ilipona kwenye moto wa Agosti 2023 ulioteketeza mji wa Lahaina, ikafunguliwa tena 2024. Pale hakuna kisu cha moto, kwa sababu wameamua kusimulia historia ya Hawaii yenyewe, kuanzia safari ya mababu kutoka Tahiti. Polynesian Cultural Center iliyoko Laie, kisiwani Oahu, ilifunguliwa 1963, na lengo lake tangu mwanzo ni kuonyesha Polinesia nzima, vijiji na ngoma za mataifa mbalimbali. Zote mbili ni za kweli kwa jambo linaloahidiwa. Mwenye siku moja tu na watoto wanaopenda mengi ataifurahia ya pili. Anayetaka kuijua Hawaii aende ya kwanza au inayofanana nayo.

Hatua ya 2: Uliza nguruwe alipikwa wapi

Hapa ndipo luau nyingi hupwaya, kwa hiyo tukae kidogo.

Nguruwe wa luau huitwa kalua, na kalua maana yake ni kupika kwenye imu, tanuri la shimo. Shimo linachimbwa kufika magotini au zaidi, linawashwa kuni, aghalabu za kiawe, mti ambao ni ndugu wa karibu wa mathenge inayowasumbua watu wa Baringo na Garissa. Juu ya kuni hupangwa mawe ya volkano yenye vitundu. Mawe mengine yakipata moto mkali hupasuka na kuruka vipande. Mawe yakiiva hutandazwa, na juu yake huwekwa mashina ya migomba yaliyopondwa. Maji ya mgomba ndiyo yanayotoa mvuke. Nguruwe hupakwa chumvi ya bahari, hujazwa mawe ya moto tumboni, hulazwa juu ya majani ya ti (mmea wa kienyeji wenye majani mapana), kisha hufunikwa kwa majani ya migomba, magunia yaliyoloweshwa na mwisho udongo. Nguruwe mzima huhitaji kati ya saa sita na nane, na wengi humwacha usiku kucha.

Yanayoharibika yanajulikana. Udongo ukiacha upenyo, mvuke unatoroka na nyama inabaki ngumu. Mawe yakiwa hayajapata moto wa kutosha, nyama ya karibu na mfupa hubaki mbichi. Mgomba ukiwa mchache, nyama hukauka. Mpishi wa imu haruhusiwi kubahatisha, kwa sababu hawezi kufungua shimo katikati akaonja.

Sasa piga hesabu. Nguruwe wa kilo 80, ukiondoa mifupa, ngozi na unyevu unaopotea, atatoa nyama isiyofika nusu ya uzito huo. Tuseme kilo 35. Ukimpakulia kila mtu gramu 150, umelisha watu 230 hivi. Ukumbi wenye wageni 500 unaofukua nguruwe mmoja mbele ya kamera umepika wengine mahali pengine, mara nyingi kwenye oveni za jikoni. Hiyo si dhambi, lakini una haki ya kujua. Tuma barua pepe yenye swali lisilokwepeka: "Nyama yote itakayopakuliwa imepikwa kwenye imu, au nguruwe wa maonyesho peke yake?" Mahali wanapojivunia imu yao hujibu kwa idadi ya nguruwe na saa wanayowaingiza shimoni. Mahali pengine watakujibu kwa neno "asili" na picha.

Nyama ya imu utaitambua mdomoni. Inachambuka nyuzi bila kisu, ina unyevu, ina harufu ya moshi na ya majani mabichi, na vipande havifanani: kimoja kimeungua kidogo ukingoni, kingine kimelainika kama siagi. Ikiwa kila kipande kina moshi ule ule mkali, moshi huo huenda umetoka kwenye chupa ya kimiminika chenye ladha ya moshi.

Hatua ya 3: Isome orodha ya chakula kama mpishi

Omba orodha kamili kabla ya kulipa. Tafuta haya: poi, laulau, lomi salmoni, poke, kuku wa tambi, haupia, viazi vitamu, na mboga ya luau yenyewe. Ukikuta nyama ya kuchoma, saladi ya makaroni na keki ya chokoleti peke yake, umeona ishara.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatapotea kwenye meza hii. Mboga ya luau ya pweza ni pweza wa nazi aliyepikwa na majani ya magimbi. Wahawaii wakizungumza Kiingereza humwita ngisi, lakini kiasili ni pweza. Majani hayo hupikwa muda mrefu kwa sababu ile ile unayoijua: yasipoiva sawasawa, yanawasha koo. Ukionja ukahisi muwasho, acha sahani hiyo. Lomi salmoni ni samaki wa chumvi aliyekandwa kwa vidole na nyanya na vitunguu, karibu sana na kachumbari. Poke ni vipande vya samaki mbichi, mara nyingi jodari. Kuku wa tambi alitoka kwa wahamiaji Wachina: tambi nyembamba za choroko, tangawizi na supu. Haupia ni tui lililogandishwa kwa wanga na kukatwa vipande vya mraba. Ni tamu na haichoshi.

Laulau ni fungu la majani ya magimbi lenye nyama ya nguruwe na samaki wa chumvi, limefungwa kwa majani ya ti na kupikwa kwa mvuke. Jani la nje haliliwi. Kila usiku kuna mgeni anayelitafuna.

Poi ndiyo inayosingiziwa kuliko chakula kingine chochote Hawaii. Ni magimbi yaliyochemshwa au kupikwa kwa mvuke, yakapondwa na kuongezwa maji hadi yawe uji mzito wa rangi ya zambarau iliyofifia. Uzito wake hupimwa kwa vidole: poi ya kidole kimoja ni nzito, ya vidole vitatu ni nyepesi. Ikiwa ya siku moja ina utamu wa mbali. Ikikaa siku mbili tatu inachachuka, na wenyeji wengi huipenda hivyo. Mgeni huchota kijiko kikavu, anakunja uso, basi. Kumbuka ugali: nani anaula bila kitoweo? Chovya nyama ya kalua yenye chumvi ndani ya poi, au weka lomi salmoni pembeni, na utaelewa kwa nini viwili hivyo huenda pamoja. Kwa Wahawaii, magimbi ni Haloa, kaka mkubwa wa binadamu, na bakuli la poi likiwa wazi watu hawagombani mezani. Kwa hiyo hata usipoipenda, usiidhihaki kwa sauti.

*Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe.* Kalua na laulau ziepuke, na uliza pia mboga ya luau, kwa kuwa baadhi ya wapishi hutia nyama humo. Kuku na ng'ombe kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali. Samaki, poke, poi, viazi na haupia ndiyo salama yako. Kwenye meza ya kujipakulia koleo huhama kutoka chombo hadi chombo, kwa hiyo omba sahani yako ipakuliwe jikoni, na uombe siku ya kuhifadhi nafasi, usingoje kufika mlangoni. Pombe hutolewa kwenye luau nyingi na imo ndani ya bei. Polynesian Cultural Center inaendeshwa na kanisa la Wamormoni: hakuna pombe, na Jumapili hufungwa. Swala ya magharibi itaangukia katikati ya chakula au onyesho, basi chagua kiti cha pembeni.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu hula

Hula kahiko ni ya kale: wimbo wa kughani, ngoma ya pahu au kibuyu cha ipu, mavazi ya majani na nguo nzito, nyuso zilizotulia. Hula auana ni ya baadaye: ukulele, gitaa, tabasamu, gauni refu. Luau nzuri ina zote mbili. Uliza kumu hula, yaani mwalimu, ni nani na kundi lake ni halau, yaani shule ya hula, gani. Wachezaji wenye halau hufundishwa miaka mingi, na makundi bora hushindana kwenye tamasha la Merrie Monarch mjini Hilo, wiki inayofuata Pasaka. Jina la tamasha linamhusu Mfalme Kalakaua, aliyeirudisha hula hadharani baada ya miongo ya kubanwa; kwenye sherehe za kutawazwa kwake, 1883, ilichezwa mbele ya wageni wote.

Mikono ndiyo inayosimulia. Mtazame mchezaji mmoja tu kwa wimbo mzima, ufuate viganja vyake: mvua inashuka, wimbi linakunjika, ua linachumwa. Ukitazama kundi lote kwa pamoja utaona mapambo tu.

Hatua ya 5: Kisiwa, upande na umbali

Usipande ndege kwenda kisiwa kingine kwa ajili ya luau. Chagua iliyo kwenye kisiwa ulichofikia. Kauai ina luau ya bustani ya familia ya Smith huko Wailua na ile ya Kilohana karibu na Lihue. Kisiwa kikubwa, upande wa Kona, kina luau inayofanyika jirani na Kamakahonu, mahali Kamehameha wa Kwanza alipomalizia maisha yake na ndipo kapu ilipovunjwa 1819. Kwa anayejali historia, huo ni uwanja wenye uzito kuliko jukwaa lolote la hoteli.

Mvua iangalie. Pepo za kaskazini-mashariki hunyesha upande wa mashariki wa kila kisiwa na kuacha magharibi na kusini pakavu zaidi: Ko Olina, Lahaina, Kona, Poipu. Kati ya Novemba na Machi mvua ni nyingi zaidi. Uliza mambo mawili: je, kuna paa, na onyesho likikatizwa katikati fedha zinarudi? Wengi huhesabu kuwa ukishakula, umeshahudumiwa.

Kwa aliyefikia Waikiki, kisiwani Oahu, Ko Olina ni kilomita 40 hivi na Laie 55, lakini barabara ya H-1 kuelekea magharibi hufunga alasiri watu wanapotoka kazini. Ukiendesha mwenyewe, ondoka saa 9 alasiri. Ukitarajia kunywa, lipia basi la luau.

Hatua ya 6: Usiku upi?

Si wa kwanza. Hawaii iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 13. Luau ikianza saa 11 jioni, nyumbani ni saa 12 asubuhi ya siku inayofuata, na wewe umekesha. Hata anayetoka New York wakati wa kiangazi yuko mbali kwa saa 6: onyesho likiisha saa 2 na nusu usiku, mwili wake unahesabu saa 8 na nusu. Usiku wa tatu au wa nne unafaa. Usiweke wa mwisho, maana mvua ikiharibu hutakuwa na siku ya kuhamishia.

Na saa zenyewe: tiketi ikiandika 5:00 p.m., ni saa 11 jioni yetu. Wasafiri wamekosa basi kwa kusoma saa kwa haraka.

Jua huzama karibu saa 12 kasoro dakika 10 mwezi Desemba na karibu saa 1 na robo usiku mwezi Juni. Imu hufukuliwa mapema, mara nyingi kabla ya jua kuzama. Ukichelewa nusu saa, umekosa sehemu ambayo haitarudiwa. Juni hadi Agosti, na Krismasi hadi Mwaka Mpya, nafasi hujaa. Hifadhi wiki tatu au nne kabla.

Hatua ya 7: Bei, viti na mitego

Mtu mzima hulipa takriban dola 130 hadi 250. Chukua tiketi ya dola 180: kodi inayoongezwa hufika 4.712%, yaani dola 8.50 hivi, bakshishi ya 15% ni dola 27 (angalia kama tayari imo kwenye ankara, usilipe mara mbili), usafiri tuseme 25. Jumla ni dola 240. Familia ya wanne ifanye hesabu hiyo mapema, na iulize umri wa bei ya mtoto, maana kila mahali wana mpaka wao.

Madaraja ya viti huuzwa kwa majina ya kifalme. Unachopata ni ukaribu na jukwaa, kuitwa kwanza kwenye chakula, na koja la maua mabichi badala ya la kome. Kwenye ukumbi wa watu 150, daraja la kawaida linatosha kabisa. Kwenye ukumbi wa 600, lipa ziada, kwani mkono wa hula hauonekani kutoka meza ya arobaini. Omba ramani ya viti. Nguzo huwa hazitajwi.

Nunua moja kwa moja kwa wenye luau. Kibanda cha barabarani kinachokupa tiketi kwa nusu bei kinataka usikilize maelezo ya kununua hisa za nyumba za likizo, saa moja na nusu hadi mbili za kubembelezwa. Asubuhi yako Hawaii ina thamani kuliko punguzo hilo. Bei ya kamaaina ni ya wakazi wenye kitambulisho cha Hawaii, usiibofye.

Kuna njia nyingine ambayo haitangazwi kwa wageni: luau za kuchangisha fedha za shule, makanisa na vilabu vya mitumbwi. Tafuta mabango kwenye maduka ya vyakula na masoko ya wakulima. Onyesho ni la watoto wa mtaa huo, viti ni vya plastiki, na chakula mara nyingi hushinda cha hoteli. Ukialikwa kwenye luau ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja, nenda na bahasha yenye pesa na usiondoke bila kusaidia kukusanya viti.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Vaa viatu bapa kwa sababu ya nyasi na mchanga, chukua sweta jepesi na dawa ya mbu. Dera, au kanga iliyofungwa vizuri, haitashangaza mtu pale. Pombe ni kwa wenye miaka 21 na kuendelea, na pasipoti itaombwa. Vyooni, *kane* ni wanaume na *wahine* ni wanawake.

Kabla ya kula kuna pule, sala fupi: simama, vua kofia, simu chini. Anapoghani mtu peke yake, hiyo ni oli. Usipige makofi katikati.

Koja unalovishwa usilivue mbele ya aliyekuvisha. Mjamzito, kwa mila, hapewi koja lililofungwa mduara. Aombe lililo wazi miisho yote miwili. Ukirudi bara la Marekani mizigo hukaguliwa kwa ajili ya wadudu wa mimea: maua mengi hupita, lakini koja lenye maua au majani ya jamii ya ndimu na machungwa hubaki. Na likinyauka kabla hujaondoka, usilitupe kwenye pipa. Kata uzi, maua yamwage chini ya mti, uzi ndio uutie takatakani, usije ukamnasa ndege au kasa.